Lori Juu ya Meza ya Kukatia Nguo

"Na ile cherehani yako mbovu iliyolala chini ya kitanda, yenyewe si chuma chakavu?" Breki aliuliza, bisibisi mkononi, miwani imemteremka hadi ncha ya pua.

"Cherehani yangu haijamnyang'anya mtu meza," mkewe akajibu. "Lidude lako limekaa juu ya meza yangu ya kukatia nguo kama bibi harusi, mimi nakata sketi za watu sakafuni, magoti yameota sugu. Tumekubaliana. Likizima tena leo, yule mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani akija alasiri analibeba. Hukusema hivyo?"

"Nilisema."

"Nani alikuwa kakushikia fimbo?"

"Hakuna, mama watoto."

"Basi liwashe tulione."

Breki hakuliwasha. Alijua mwendo wake. Lingewaka vizuri, lingenguruma, lingemwonyesha lori na barabara, na kabla maji ya chai hayajachemka jikoni, pyu, giza. Tangu juzi lilikuwa na mchezo huohuo.

Lidude lenyewe lilikuwa kompyuta ya kuchezea michezo, na hakuna duka lililowahi kuuza inayofanana nayo. Ilikaa ndani ya droo ya chuma ya kabati la mafaili, matundu yametobolewa kwa drili kila upande, na mwenye kuiona mara ya kwanza alidhani ni jiko.

Jina la Breki lilitoka barabarani. Enzi zake aliendesha malori makubwa, yale marefu ambayo kichwa kikifika leo, mkia unafika kesho. Siku moja kobe alikuwa akivuka lami bila haraka, Breki akakanyaga breki kwa moyo wake wote. Lori likasimama. Magodoro aliyopakia hayakusimama. Yaliruka juu ya kichwa cha lori yakaenda zake, na wanaojua wanasema yalifika mjini kabla yake, yakapokelewa, yakasainiwa, na lile la mwisho likaulizia dereva yuko wapi. Kobe alimtazama tu, akaendelea na mambo yake.

Kisha goti la kulia likaanza kugoma. Lilianza kwa kunung'unika milimani, likaishia kukataa kukanyaga kabisa. Daktari akasema lori basi. Kampuni ikampa mkono na saa ya ukutani, Breki akarudi nyumbani kukaa kwenye kochi.

Kochi halina pedali, lakini aliliendesha hivyohivyo. Asubuhi anakaa, anaweka mto sawa kama anayerekebisha kioo cha pembeni, mkewe akipita na ndoo anaambiwa, "Pita, nimekuona." Mkewe alicheka wiki ya kwanza. Baadaye aliacha, kwa sababu fundi cherehani humjua mumewe kwa utepe, na kiuno cha huyu kilikuwa kinapungua kila alipompima. Suruali alizomkazia zilijaa kamba nzima ya uani. Ingeendelea vile, angekuja kumshonea soksi akaivaa kama suti.

Lilikuwepo jambo jingine ambalo Breki alilikalia kimya. Tangu uchumba alimwahidi mkewe kumpandisha lorini, ampeleke kule milimani ambako mawingu yako chini na mtu yuko juu. Kila lori alilopewa lilikuwa limeandikwa mlangoni kwamba abiria haruhusiwi. Hakuwahi kumpandisha hata mpaka kituo cha mafuta.

Siku moja mkwewe, mume wa binti yao mkubwa, alimkalisha mbele ya kompyuta yake na usukani wa mchezo. Lori lilikuwemo, gia zilikuwemo, mvua, matope, hata askari wa barabarani mwenye uso wa kutaka chochote. Pedali zilikuwa laini, mguu wa kushoto ulizimudu. Breki aliendesha mchana kutwa. Aliporudi nyumbani alikula sahani mbili, na mkewe akakaa akimtazama.

Akatamani ya kwake, lakini dukani hakukuwa na haja ya kurudi mara ya pili. Muuzaji alitaja bei, Breki akamshukuru kwa heshima, akatoka kinyumenyume kama anayetoka kwa mfalme. Basi akaanza kuungaunga. Ofisi moja ambayo mkewe aliishonea mapazia ilikuwa inatupa kompyuta kuukuu, akaomba moja ambayo prosesa, yaani ubongo wake, ilikuwa nzima. Memori aliongezewa na fundi simu wa mtaa wa pili, naye Breki akamlipa kwa redio ya lori. Kadi ya picha, ile inayofanya barabara ionekane barabara badala ya uji, aliipata kwa mtu aliyefunga ukumbi wake wa michezo. Kadi ikawa ndefu kuliko sanduku, ndipo droo ya mafaili ikaingia kazini. Ikataka umeme mwingi kuliko ule uliokuwepo, akatafuta pawasaplai kubwa ya mtumba. Feni yake ililia kwa sauti iliyomfanya paka wa jirani ahame na vyombo vyake. Kioo, usukani na pedali alipewa na mkwewe.

Mkewe, pamoja na kelele zake zote, alikuwa na mkono humo ndani. Skrubu zilikaa kwenye kopo lake la vifungo, nyaya zilifungwa kwa mpira wa kiunoni, na kwenye tundu la kuingizia hewa alishonea kipande cha shela kilichobaki kwa bibi harusi fulani, kizuie vumbi.

Kitu kimoja tu kilitoka dukani kikiwa kipya, tena wiki hiihii: kipoza joto, kile kipande cha shaba kinachokaa kifuani mwa prosesa na kuinyonya moto wake. Cha zamani kilikuwa kimechoka. Breki alikifunga kipya kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemlaza mtoto. Na tangu siku hiyo ndipo lidude likaanza kuzima.

"Feni zote zinazunguka," alisema sasa, kichwa kimezama ndani ya droo. "Umeme upo. Vumbi hakuna. Sasa linaumwa nini?"

"Linaumwa uzee, kama mwenyewe." Mkewe alijitupa kwenye kochi, mkasi mapajani. "Alasiri hiyo inakuja. Ondoa nyaya zako, nina kola za watu."

Kochi lilikuwa limevaa nailoni yake ya dukani tangu lilipoletwa. Katika nyumba hii kipya hakikuvuliwa. Rimoti ilikuwa na nailoni. Saa ya kampuni ilikuwa na nailoni, mishale yake ikionekana kama watu wawili waliopotea kwenye ukungu. Hata viti vya malori Breki alivilinda hivyo, mpaka wenzake wakasema anaendesha chakula kilichofungwa. Kuvua nailoni ilikuwa sawa na kukitia kitu uzee kwa mkono wako mwenyewe.

Mkewe alikaa dakika chache, akaanza kujipepea. Akainuka. Nailoni ikamwachia mapaja shingo upande, kwa sauti ya plasta inayobanduliwa.

"Kochi hili siku moja litanitoa ngozi," alisema. "Linachemsha kama sufuria."

"Ni nailoni hiyo, joto halina pa kutokea," Breki akajibu bila kugeuka.

Halafu akageuka.

Mkewe alikuwa amesimama akimtazama, gauni limemng'ang'ania nyuma. "Kile cha dukani," akasema polepole, "ulikivua?"

"Nikivue cha nini? Ni kipya."

Breki alifungua skrubu, akakinyanyua kipoza joto. Chini yake, pale kinapokutana na prosesa, palikuwa na karatasi nyembamba ya nailoni, safi kama mboni ya jicho, na ile grisi nyeupe ya joto imepakwa juu yake kwa mapenzi makubwa.

Mkewe aliinama. "Imeandikwa hapa, kwa wino mwekundu. Ondoa kabla ya kufunga."

"Niliona. Hata kwenye kochi imeandikwa."

Aliishika ncha, akasita. Ilibidi mkewe amtolee ukucha wa fundi, ule wa kuchokolea nyuzi, akaibandua kwa mkupuo mmoja huku mumewe akiangalia pembeni. Grisi ikafutwa, ikapakwa nyingine, skrubu zikarudi.

Likawaka. Maji ya chai yalichemka jikoni, yakachemka tena, yakakauka, na lori bado linapanda mlima. Mkewe alisubiri giza lije akachoka kulisubiri. Akavuta stuli ya wateja, akaketi kushoto kwa mumewe, mahali pa utingo.

"Funga mkanda," Breki alisema.

"Nifunge nini, utepe wa kupimia?"

Lori lilimaliza kona ya mwisho. Chini yao mawingu yalikuwa yamejaa bondeni kama pamba ya kujazia mito. Mkewe aliyatazama muda mrefu, mkono mdomoni.

"Kumbe huku ndiko ulikuwa unakuja," alisema, "unaniacha mimi na vifungo vya watu."

"Nilikuwa nakuja peke yangu."

"Nipishe."

"Hujui gia."

"Nimekanyaga cherehani kabla wewe hujajua kukanyaga breki. Nipishe, bwana."

Alimpisha. Lori likaanza kuteremka likiyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake. Likakwangua ukuta, likamkosa askari kidogo, Breki akajikuta anakanyaga sakafu kwa goti lile bovu.

"Punguza, mama watoto."

"Usinifundishe kazi. Na usidhani umeshinda. Hii meza nataka irudi."

"Meza ni yako. Droo nitaitafutia pa kukaa, hata chini ya kitanda..."

"Chini ya kitanda hakuna nafasi, kuna cherehani yangu..."

Mlango ukasukumwa. Mwenye mizani aliingia na mizani yake begani na gunia mkononi, akalitazama lile lidude linalonguruma, akainama kulipimia uzito kwa macho.

Breki aliweka mkono juu ya droo. Mkewe hakuachia usukani wala hakugeuza shingo. Alimwelekeza yule mtu kwa kidevu tu, chumbani, chini ya kitanda.