Vayoleti, Kifauwongo na Nafasi Moja Chini ya Dirisha

Nikikusimulia utaapa nimelewa, lakini niliona kwa macho yangu haya mawili. Mtunza bustani wa zahanati, mama mwenye kucha zilizojaa udongo hata siku ya harusi, alibakiwa na nafasi moja tu chini ya dirisha la wagonjwa, na maua ya aina mbili ya kuchagua. Kila asubuhi huchuchumaa, akazipigia hodi vayoleti, kisha kifauwongo. Vayoleti huinamisha vichwa kama wakwe. Kifauwongo, ukikigusa tu, hukunja majani kikajifanya maiti.

“Mgonjwa anataka ua lenye adabu,” husema, “si linalokufa mbele yake.”

Basi juzi nikakigusa kwa kidole kidogo. Kikazimia, ukuta ukazimia, nami nikaanguka kwa huruma, hata daktari mwenyewe—

“Mjomba,” akanikatiza mtunza bustani, “uliteleza na ndala zako ukazikalia vayoleti zangu zote! Sasa wagonjwa watazame hicho kinachokufa?”