Siku Nilipobadilisha Maji ya Sidi

Nimewahi kusimama mbele ya wazazi wenzangu, suruali imelowa kuanzia mapajani hadi viatuni, nikikiri kwamba nimeharibu kazi ya mwanangu wa miaka tisa. Najua mmeshaisikia, Junda nzima imeisikia, hata mama wa viazi pale kona huniuliza kama leo nina kiu. Sawa, chekeni. Aibu ni yangu na naibeba mwenyewe, lakini shule ya watu iacheni, na ndiyo maana nataka kuwasimulia kwa kinywa changu, kwa sababu huko nje nasikia inasimuliwa kombo.

Sidi anasoma ile shule ndogo karibu na kisima, yenye vyumba vitatu na banda la makuti, ambako mtoto hapigwi wala hakaririshwi, na kila muhula huchagua swali lake mwenyewe akalitafutia jibu. Sisi wazazi nasi hatuishii langoni. Kila Ijumaa mmoja wetu huingia darasani kufunza anachokijua (mimi ni fundi wa mabomba, niliwafunza kuunga mabomba, wakaunga ya choo cha shule na hadi leo hayavuji). Kaka yangu mkubwa, Kazungu, karani wa bandarini, ambaye ndiye aliyenilea baba alipofariki, hakuipenda shule hiyo tangu mwanzo. Alikuwa akisema mtoto asiyemwogopa mwalimu hatamwogopa mtu yeyote, na kwamba siku ya maonyesho ya kazi za watoto atakuja ajionee, asiporidhika atamtafutia Sidi nafasi kwenye shule ya maana. Kwetu kaka mkubwa akishasema hivyo, huo si ushauri.

Swali la Sidi lilikuwa hili: je, tunaweza kuitoa chumvi kwenye maji ya kisima chetu? Akakata chupa kubwa ya plastiki, akapanga kokoto, mchanga na makaa yaliyopondwa, akachuja maji kwa wiki tatu huku akiandika kila kitu daftarini. Maji yaliingia na tope, yakatoka meupe, lakini ukiyaonja, chumvi iko pale pale. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba mchanga hautoi chumvi, ila Mwalimu Zuhura alikuwa ametusihi wazazi tusiwape watoto majibu, nikanyamaza.

Basi asubuhi ya maonyesho nilitangulia kupanga viti, nikaliona jagi la maji ya Sidi mezani, nikaonja, na hapo hapo nikamwona kaka yangu (akilini tu, alikuwa hajafika) akiyatema. Kwenye mkoba wangu wa kazi nilikuwa na kidumu cha lita tano cha maji matamu, kile ninachobeba kila siku nikienda kazini Kiembeni. Nikayamwaga ya mtoto, nikatia yangu. Kosa lenyewe ni hilo tu, halikuchukua hata dakika.

Kazungu akafika, akaonja, akaonja tena, akaniuliza kama kweli yametoka kisimani. Nikasema ndiyo. Akamwita mzee wa mtaa, Mzee Salim, naye akaonja, akawaita kina mama, na kabla sijajua la kufanya watu wamepanga foleni na vikombe. Jagi likaisha. Nikasema ngojeni nikachuje mengine, nikazunguka nyuma ya choo, nikatia kutoka kidumuni, nikarudi. Likaisha tena, nikaenda tena (fundi mzima nakimbizana na jagi kama mpishi wa arusi), na safari ya mwisho, kwa haraka, nikakirudisha kidumu mkobani bila kukaza kifuniko, nikaketi, nikapakata mkoba.

Mzee Salim akasimama kuhutubia. Akasema wallahi, kisima hiki kimetutesa sana, sasa mtoto wa hapa hapa ametupa dawa, inshallah Jumatatu tunaanza kujenga chujio kubwa pale kisimani na fundi wetu ndiye huyu. Wakapiga makofi. Mama mmoja akauliza kila nyumba ilete makaa kiasi gani. Mimi nasikia ubaridi mapajani, maji yanashuka mpaka kwenye soksi, na siwezi kuinuka.

Ndipo Mwalimu Zuhura akawaita watoto kutoka chumba cha pili waeleze kazi zao. Sidi akaja na daftari lake, akasema bila kuzunguka kwamba jibu lake ni hapana, mchanga na makaa vinatoa tope, chumvi haitoki. Kazungu akacheka, akamwambia hajui alichokitengeneza, sisi wakubwa tumeyaonja. Sidi akaomba kikombe, akaonja.

"Baba mkubwa," akasema, "haya si maji yangu."

Kazungu hakucheka tena. Akasema ndiyo matunda ya shule hii, mtoto kuwakanusha wazee mbele ya watu, akamtaka amwombe Mzee Salim msamaha kwa kusema uongo. Mdomo wa Sidi ulikuwa ukitetemeka, lakini daftari alilifungua, akamnyooshea. Kazungu hakulipokea.

Nikasimama. Maji yaliyojaa mkobani yakamwagika yote mpaka chini, na mtoto mmoja mdogo akatangaza kwamba Baba Sidi amekojoa.

"Mtoto hasemi uongo," nikasema. "Maji nimeyabadilisha mimi."

Mzee Salim akakaa polepole, akakitazama kikombe chake. Kazungu akaniuliza kama naona sasa shule yangu iliponifikisha, na mimi, ambaye sijawahi kumjibu kaka yangu tangu utotoni, nikamjibu.

"Kaka, mwongo hapa ni mimi, na mimi nilisoma kwa viboko, kama unavyotaka Sidi asome. Wa shule hii amesema kweli mbele yako huku anatetemeka. Haondoki."

Alitoka bila kuaga. Tulikaa miezi miwili hatusemezani, kisha nikaenda kwake, nikamwomba radhi kwa uongo. Kwa yale maneno sikuomba, wala sitaomba.

Sidi aliniuliza swali moja tu tulipofika nyumbani: "Ulidhani jibu langu ni baya?" Jumatatu alianza upya jaribio lake lote, chumvi ikawa ile ile, na karatasi yake ikabandikwa ukutani shuleni, ambapo chini kabisa ameandika kwamba yale ya maonyesho yaliharibika kwa sababu ya baba. Mwalimu aliniuliza kama ningependa mstari huo ufutwe. Nikamwambia auache, ni kweli tupu.

Kwa hiyo nimeapa, kazi ya Sidi siigusi tena, hata nikiona inaporomoka mbele ya ukoo mzima. Na mnaongoja nione haya nimhamishe, mtangoja sana. Ijumaa ijayo ni zamu yangu darasani, na nitaingia kwa mlango wa mbele.