Jina Alilotoka Nalo Dimani

Nikisikia harufu ya bizari nyembamba ikikaangwa kavu, wivu wangu wa zamani huamka. Msinicheke. Wenzangu harufu ile huwatamanisha pilau. Mimi hunirudisha Kibiti, sebuleni kwa Mama Nasrin, nikiwa na miaka tisa, nimenuna.

Mama Nasrin alikuwa jirani yetu wa Kihindi, mwenye duka la rejareja. Kila Ijumaa mchana, duka likiwa limefungwa kwa sala, aliwaita kina mama wa mtaa kutazama filamu, huku bizari ikikaangwa jikoni kwake. Walikaa mkekani na ukili mapajani, vidole vikisuka vyenyewe, macho kwenye televisheni. Filamu ilikuwa ya Kihindi, na mwenye nyumba ndiye mkalimani, akitafsiri anavyopenda: "Sasa mama mkwe kanuna. Sasa bwana anataka chai. Huyu bwana hana haya, ngojeni mtaona."

Waliyoipenda zaidi, wakairudia mpaka CD ikaanza kukwama, ilimhusu mama mmoja wa nyumbani. Hakuna aliyekufa wala aliyepigana. Alipika, alifua, alikunja mashuka, na mumewe hakumwita kwa lolote ila "Wewe, unasikia?" Mwisho kabisa bwana anasimama mlangoni mwa jiko na kumwita: "Sarla." Basi. Lakini yule mwigizaji! Alikuwa amempa mgongo, anakoroga mchuzi. Kwanza mkono ulisimama. Halafu mabega yakashuka. Ndipo akageuka polepole, mwiko ukidondosha mchuzi sakafuni, na uso wake ukawa wa msichana. Kina mama wote walipenga makamasi kwa ncha za kanga.

"Yule haigizi," mama yangu aliwaambia wenzake njia nzima ya kurudi. "Yule anaishi mule ndani. Mmeuona ule mkono?"

Hapo ndipo wivu uliponikaba. Mama hakuwa mtu wa sifa. Nilipohitimu juzuu Amma chuoni alisema, "Haya, kateke maji." Wahenga wanasema mcheza kwao hutuzwa, mimi nilicheza kwetu nikatuzwa ndoo. Na sasa mwanamke asiyejua hata Kibiti iko wapi anasifiwa mkono! Nilimchukia yule Sarla, ingawa kila alipogeuka nami nililia, nikajificha nyuma ya mto wa kochi nisionekane.

Siku moja nilimkuta mama jikoni peke yake, amegeukia ukuta, anajaribu kugeuka vile vile na mwiko mkononi. Aliponiona alicheka. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Mimi kwetu Dimani, kabla sijaolewa, nilikuwa Somoe."

Sikupenda hata kidogo. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mwanawe, na mama alikuwa Mama Zaituni kwa baba, kwa majirani, hadi sokoni. Zaituni ni mimi. Kila alipoitwa yeye, nami niliitwa kidogo. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yule wa kwenye televisheni hakuwa nacho.

Sijui ni kina mama waliomtania baba au alijiongeza mwenyewe. Alikuwa fundi baiskeli, mpole, mwingi wa haya. Alasiri moja aliingia uani, mikono imejaa grisi, akasimama karibu na mlango wa jiko, akakohoa.

"Somoe," akasema.

Mkono wa mama ulisimama. Niliuona, wallahi, na haukuwa wa kuiga. Mabega yakashuka. Akaanza kugeuka, na kabla uso wake haujamfikia baba, nikapiga kelele, "Haitwi hivyo! Anaitwa Mama Zaituni!"

Baba alicheka kicheko cha aibu. "Haya, mwenye mama kakataa. Mama Zaituni, chai ipo?"

"Ipo," mama akajibu, akarudi kukoroga. Hakunigombeza. Mimi nilijiona mshindi, na siku ile nilikula nikashiba. Baba hakulitamka tena jina lile mpaka tulipomzika.

Niliolewa Chumbi, ng'ambo ya mto. Nilipojifungua, siku ya saba mtoto akapewa jina, Shabani, na langu likaondoka bila mtu kunitangazia. Mwanzoni nililifurahia jipya, nikaitika hata nisipoitwa. Mwaka wa tatu, nikiwa napepeta mchele, niligundua kwamba tangu Idi hakuna aliyeniita Zaituni isipokuwa mama kwenye simu. Nikaweka ungo chini. Nililia peke yangu kwa ajili ya yule Sarla, safari hii bila mto wa kujifichia, na nikaona haya kwa jambo nililolifanya uani kwetu.

Sasa kila nikivuka daraja la Ndundu kwenda kumwona mama, nasikia wapita njia wakimsalimu: "Shikamoo, Mama Zaituni." Anaitikia vizuri tu. Baba hayupo. Dada zake mama wa Dimani wote wametangulia. Waliokuwa na ruhusa ya kumwita Somoe wamekwisha, nimebaki mimi niliyempokonya, na kwetu mtoto hamwiti mamaye kwa jina.

Mwezi uliopita nilikaa nyuma yake nikimsuka. Nilisikia jina lile limefika mpaka ncha ya ulimi, nikafungua mdomo kabisa.

"Mama," nikamwambia, "inamisha kichwa kidogo."

Akainamisha.