Mjibu Mwanao

Mwanaume aliyewahi kunibana kwenye stoo ya mashuka alikuja ofisini kwangu mwaka jana, analia.

Nilimwangalia tu. Kiti sikumpa. Shikamoo pia sikumpa, na ni mkubwa kwangu.

Naitwa Zulfa, muuguzi, kwetu Nakapanya. Nilikuja Songea kusoma, tukapelekwa mafunzo ya vitendo kwenye hospitali moja hapa mjini. Msimamizi wetu alikuwa huyo jamaa, Kajetani.

Siku moja alinituma stoo, akanifuata, akafunga mlango. Mkono wake ukaingia ndani ya gauni langu la kazi.

"Hapa ukijifanya mgumu hufaulu."

Nilimng'ata, nikakimbia. Akanifelisha, nikarudia mwaka.

Nilimwambia muuguzi mwenzake, Polikarp. Akacheka. "Kajetani ndivyo alivyo. Mzoee."

Miaka ikapita. Kajetani akastaafu, Polikarp akashika wodi yake. Mimi nikarudi palepale, nikiwa msimamizi wa wanafunzi wote.

Sasa kilichomliza ni binti yake, Walburga, mwanafunzi wangu. Polikarp alikuwa amemshikashika kwenye chumba cha dawa.

"Sista Zulfa, mhamishe mwanangu kimyakimya, yaishe."

"Polikarp abaki na mabinti wa wenzio?"

Akafuta machozi kwa kiganja.

"Utakuja kutoa ushahidi mbele ya kamati ya nidhamu, wewe uliyefanya naye kazi."

"Nitakuja. Ila Walburga asiwepo."

"Mlalamikaji ni yeye. Atakaa mbele."

Nilijua ninachofanya. Sijifanyi mtakatifu.

Siku ya kikao Walburga alieleza yote, sauti yake haikutikisika. Kisha baba yake akasimama, akamponda Polikarp kinoma: hana utu, hafai kukaa karibu na watoto wa watu.

Polikarp alimwacha amalize.

"Mzee Kajetani," akasema taratibu, "si wewe uliyenifundisha? Hata huyu Zulfa, si ulimfungia stoo?"

Walburga akageuka. "Baba, kweli?"

Kajetani akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yananiomba nikanushe.

Neno langu moja lingemwokoa.

"Mjibu mwanao," nikamwambia.

Alijaribu kukohoa. Akainamisha kichwa. "Ni kweli."

Walburga hakulia. Alihamisha kiti chake, akaja kukaa kando yangu.

Polikarp alifukuzwa kazi. Kajetani hakuna aliyemfunga, ila binti yake alihamia kwa shangazi yake, mtaa wa Ruhuwiko, na simu za baba yake hapokei. Mzee ananipigia mimi nimwombee msamaha. Namkaushia.

Watu wananiuliza kama nilifurahi. Nilifurahi sana. Ila usiku namfikiria yule binti, amepoteza baba kwa kusema ukweli, na hapo furaha inapungua.

Mdogo wangu uliye wodini leo, anayekushika mtaje kwa jina lake, tena mbele ya watu. Akikucheka wa kwanza, mwambie wa pili.

Na wewe msimamizi, usisubiri awe binti yako ndipo ujue kwamba anaumia.