Vijana Wenye Ndevu

Malachie aliwafundisha mpira vijana wa klabu moja ya Mususa, kule Butembo, na mwaka ule wa vita alikuwa amechoshwa na kila mtu. Timu kubwa ilimnyang'anya kila mchezaji aliyeanza kuiva. Askari waliegesha magari yao uwanjani. Na lilipotangazwa kombe la taifa la vikosi vya vijana, hakuna aliyeweza kumwambia ni taifa gani, maana Kinshasa ilikuwa upande wa pili wa vita.

Akaenda Beni hivyo hivyo, yeye na vijana wake, juu ya kamio, lori lililosheheni maharagwe.

Wapinzani, timu ya Beni, walipovaa jezi, damu ilimchemka. Mshambuliaji wao alikuwa na ndevu na kitambi. Pembeni mkewe, Kanyere, alibeba mtoto mgongoni, na mwingine, aliyemshika mkono, alimwita yule mshambuliaji, "Papa."

Malachie alimfuata mwamuzi, Ésaïe.

"Ule mutu iko na batoto mbili. Ni kijana wa namna gani?"

"Minaona, Mwalimu," Ésaïe alisema, macho chini. "Lakini ni mutu wa komanda wa askari. Unataka mifanye nini?"

Malachie aliwarudia vijana wake. "Mukamate mizigo. Turudie."

Zacharie, kapteni, hakuinuka. "Hapana, Mwalimu. Mugongo yangu ingali inauma sababu ya ile kamio. Tutacheza kwanza."

Wakacheza. Wenye ndevu walifunga mabao mawili mapema, kisha pumzi ikawaishia. Mshambuliaji alitapika nyuma ya goli, Kanyere akampelekea maji. Vijana wa Mususa wakarudisha la kwanza, wakarudisha la pili. Ndipo Ésaïe, akitupia jicho alipoketi komanda, akawapa Beni penalti ambayo hata Beni hawakuiomba. Tatu kwa mbili.

"Sasa bashindi bataenda wapi?" Malachie alimuuliza Ésaïe baadaye.

"Kinshasa."

"Na njia gani?"

"Njia haiko."

Malachie akaenda kuwapandisha vijana wake kwenye kamio.

Kwenye kamio la kurudi vijana walibishana nani hasa alifunga bao la pili, Zacharie au Kitsa. Malachie alifumba macho, kichwa kikimuuma. Walipozidi, akafumbua.

"Hapana Zacharie, hapana Kitsa," alisema kwa hasira. "Beki yao ndiye alijifunga."

Wote wakamgeukia kumbishia, na ubishi huo ukawafikisha Butembo.