Mwito wa Pili

Nimefanya kazi ya redio mpaka nikakalia kiti cha ukubwa, na vijana wangu wa studio walinijua kwa jambo moja: ukikata sauti ya mzee bila kuniuliza, utanikoma. Walidhani ni ukali wa uzee tu. Acha wadhani.

Wakati ule watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, nilikuwa mtangazaji mdogo Tabora, nazunguka na kinasa sauti begani kukusanya salamu za wasikilizaji. Upande wa Ntalikwa bibi mmoja akanishika mkono. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema shida yake hapo hapo. Mwanawe alikwenda mashamba ya mkonge Tanga, akapotelea huko, na nyumba aliyoiacha, kule kwenye njia ya zamani ya misafara, sasa ni gofu. Akirudi atamkuta nani?

"Nitamwita mara mbili," akasema. "Kwetu aliyekufa huita mara moja tu. Mwito wa kwanza hauitikiwi, mtu hungoja wa pili. Umenisikia, mjukuu wangu?"

"Nimesikia, bibi."

Akamwita kwa jina, akanyamaza, akamwita tena. Kisha akaeleza njia ya kufika kijiji kipya. Utepe nikaupeleka Dar es Salaam kwa treni.

Siku ya kurushwa nilikuwa Mtendeni, hapo hapo mjini Tabora, kwenye duka la Mwarabu muuza vitambaa, watu wamejaa barazani wanasikiliza. Sauti ya bibi ikaita. Mara moja. Halafu ikaanza kueleza njia. Mama mmoja akajifunika khanga kichwani, na mwenye duka akaizima redio bila kuombwa. Hata mimi nikadhani amekufa, mimi niliyemrekodi akiwa mzima, anatafuna karanga.

Nikapiga simu makao makuu. Mkuu wa vipindi akacheka. "Bibi yako alijirudia, nikapitisha wembe kwenye utepe, nikakata mwito mmoja." Kipande chenyewe kilishafagiliwa. Nilimchukia yule bwana, na sijaacha.

Nikarudi kijijini kumrekodi upya. Tulikuwa tumekaa mlangoni pake, jua la utosi, mwanamume akatokea njiani na kitambaa cheupe kwapani. Ilikuwa sanda. Bibi akasimama, akamwita kwa jina. Yule mwanamume akaganda palepale. Hakuitika. Majirani waliokuwa wakipepeta mtama wakaacha. Bibi alingoja tu, anatabasamu. Yeye alijua ameshamwita mara mbili redioni.

"Mwite tena, bibi," nikamwambia.

Akamwita tena. "Naam, mama," akajibu, akaja. Nadhani alinisikia, na mwito wa kuombwa hakuuamini. Ugali alikula, lakini macho yake yalikuwa miguuni pa mama yake, anaangalia kama inagusa chini. Mkono hakumpa. Jua halijashuka akasema anawahi treni, akaondoka, sanda akaiacha juu ya kigoda. Hakurudi tena.

Bibi akaikunja ile sanda polepole, akaiweka magotini.

"Mjukuu wangu," akaniuliza, "kule redioni, si nilimwita mara mbili?"

"Mara mbili, bibi. Nilikuwepo."