Mbasa wa Mama Mkwe

Nimechoka mie. Natoka kuchuma chai mgongo unawaka moto, nyumbani nako kuna baba mkwe asiyeruhusiwa kunitazama. Ndivyo walivyo Wanyakyusa wa kizamani: mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, wala hawagusani. Nikimkuta njiani nachepukia migombani. Tangu niolewe, jina langu Atuganile hajawahi kulitamka. Mzee Nsajigwa akiwa na neno na mimi, anamwambia mbuzi.

"We mbuzi, chumvi leo imezidi." Nami nipo jikoni nasikia. Hata ndaga, yaani asante, anapewa mbuzi. Kwani mbuzi ndiye anayepika?

Masika haya mama mkwe, Tulia, aliugua akaacha kula. Uji hataki, ndizi hataki. Dagaa nilizomletea kutoka sokoni Tukuyu alizikunjia uso. Alitaka supu ya mbasa, basi.

Mbasa ni samaki wa ziwani, mvua ikikolea hupanda Mto Mbaka kutaga. Wakipanda wao, watu nao wanashuka, mto unajaa hadi kamba za ndoano zinasokotana na matusi yanaruka. Wengi wanaambulia mafua. Mzee Nsajigwa peke yake hakuwahi kurudi mikono mitupu, maana ana mahali pake. Walimvizia miaka na miaka, akawazungusha vichakani mpaka wakachoka. Ila sasa macho yake yameingia ukungu, na mume wangu Gwamaka yuko Mbeya kwenye ujenzi. Mama alizidi kunyauka, nikaogopa atatufia.

Nikaenda mimi. Mzee alimweleza mbuzi njia yote: ukifika kwenye mkuyu, pinda kushoto. Jamani, huo mkuyu ulishakatwa! Nilizunguka nikalowa chapachapa, nikarudi na kamba yangu tupu. Na kumuuliza siwezi. Nilikaa jikoni nikalia kwa hasira.

Kulipokucha akamwambia mbuzi, "Leo naenda mwenyewe. Anayetaka kuja aje nyuma."

Akatangulia akipapasa kwa fimbo. Mimi nikamfuata kwa mbali, adabu inavyotaka, roho mkononi. Mtoni walituona mara moja. "Mzee kaja!" alipiga kelele Ackson, jirani yetu, na watu wakakunja kamba zao wakatuandama.

Mzee alipanda juu ya mwamba. Akainua fimbo anionyeshe, mguu ukateleza.

Sikufikiri kitu. Nilimdaka mkono, nikamkumbatia kiunoni, nikamvuta kwa nguvu zote. Mwe! Nyuma yangu mtu aliguna. Nilipogeuka niliona migongo tu. Kumtazama mzee aliyeshikwa na mkamwana wake ni aibu, hata kwa anayetazama. Wakaondoka wameinamisha vichwa, Ackson naye, aliyeisubiri siku ya kupajua mahali pale tangu ujana wake.

Mzee alikuwa anatetemeka, sikumwachia. Fimbo yake ikanyooka kuelekea nyuma ya mwamba, pale povu linapozunguka. Nikatupa ndoano kwa mkono mmoja. Haikuchukua muda, mbasa akavuta kamba ikanichana kiganja.

Tulipanda kilima nimemshika mkono njia nzima. Wanawake walikuwa wanachungulia migombani. Waseme watakavyo, nguvu za kuona haya sikuwa nazo tena.

Mama Tulia alikunywa supu akaomba nyingine. Nilisimama mlangoni nimeinama, nikiwa tayari kukimbilia jikoni.

"Kavua nani?" akauliza mama.

Mbuzi alikuwa pale pale uani, anatafuna maganda ya ndizi. Mzee Nsajigwa hakumgeukia. Aliyaleta yale macho yake ya ukungu upande wangu.

"Ndaga, Atuganile," akasema.